Maana za herufi «M.» katika vitabu vyetu

Katika kalendari ya liturujia kuna herufi moja ambayo makatekista wanauliza habari yake mara kwa mara: «M.» Ikiwa mbele ya jina inasomwa namna moja, ikiwa nyuma ya jina inasomwa namna nyingine, na ikiandikwa mara mbili, «MM.», wengine wanafikiri mpiga chapa alikosea. Sisi watu wa Kindu si wageni wa vifupisho. Mji wetu ulikaa miaka mingi na C.F.L., kampuni ya reli iliyoundwa mwaka wa 1902 na kumezwa na kampuni ya taifa mwaka wa 1974. Lakini C.F.L. ilikuwa kitu kimoja tu, tena kila mtu aliweza kukiona kikipita na moshi wake. «M.» ni vitu vingi, na kuna mahali ambapo kuisoma vibaya ni kumdhulumu mtu.

Tuanze na kilatini, maana huko ndiko ilikotoka. Waroma walichonga maneno juu ya mawe, na jiwe ni gumu. Nyuma yao wamonaki waliandika juu ya ngozi, na ngozi ina bei. Kwa hiyo walikata maneno. Sasa, sisi wenye lugha za kibantu tunaonyesha wingi mwanzoni mwa neno: mtu, watu. Mlatini anauonyesha mwishoni. Akiisha kukata mwisho wa neno, wingi umepotea pamoja nao. Basi walibuni dawa: kuandika herufi mara mbili. «AUG.» ni Augusto mmoja, «AUGG.» ni wawili, «AUGGG.» ni watatu. Ndiyo sababu «p.» ni ukurasa na «pp.» ni kurasa, «S.» ni Mtakatifu na «SS.» ni Watakatifu, «M.» ni mfiadini na «MM.» ni wafiadini. (Lakini «SS. Sacramentum» si wingi: hapo ni «Sanctissimum», Sakramenti takatifu kabisa.) Wafaransa walirithi desturi ile ile: «M.» ni bwana mmoja, «MM.» ni mabwana. Mseminari akiona «MM. les abbés» katika barua ya zamani, asifikiri kwamba mapadri hao waliuawa kwa ajili ya imani.

Herufi hiyo hiyo ni hesabu. M ni elfu moja; MM ni elfu mbili. Jiwe la kanisa likiandikwa MCMLIX, soma 1959, mwaka ule Papa Yoane XXIII alipoweka rasmi majimbo ya maaskofu katika Kongo, tarehe 10 novemba. Na hapa ndipo hatari inapoanza, kwa sababu katika habari za wafiadini watu wanahesabiwa vile vile.

Wazee wa Ekleziya walisimulia habari za Mtakatifu Ursula na mabikira 11 000 waliouawa pamoja naye katika mji wa Köln, Ujerumani. Elfu kumi na moja! Maandiko ya kale kabisa yaliyochongwa katika kanisa lao yanataja mabikira wafiadini, lakini hayatoi hesabu hiyo. Wataalamu wengi wamefikiri kwamba elfu hizo zilizaliwa na kifupisho kama «XI M. V.», yaani «mabikira 11 wafiadini». Mtu fulani alipofika penye M. hakusoma «martyres», alisoma «millia», maelfu. Wengine wana maelezo mengine, lakini hilo lina nguvu. Mwaka wa 1106, watu walipochimba karibu na kanisa hilo na kukuta makaburi mengi, wakaona kwamba hesabu imethibitika: mifupa si hii hapa? Mwaka wa 1969 sikukuu ya Ursula iliondolewa katika kalendari ya Roma ya Ekleziya nzima, ingawa jina lake lingali katika Martirologio. Kwangu, mabikira 11 si wachache. Ila tunapaswa kujua kama tunawaomba 11 au 11 000.

Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma jambo hilo lilitokea tena. Kaburi limeandikwa «B. M.», msomaji mwenye haraka akasema: «Beatus Martyr!», mfiadini mwenyeheri. Kumbe mara nyingi ni «bonae memoriae», wa kumbukumbu njema, au «bene merenti», kwa aliyestahili mema. Ni maneno ambayo hata mpagani aliwekewa na mke wake.

Kinyume chake tunacho kaburi la Papa Fabiano, aliyeuawa mwaka wa 250. De Rossi alilikuta mwaka wa 1854 katika makaburi ya Kalisto. Limeandikwa kwa kigiriki: jina lake, kisha kifupisho cha neno «askofu», kisha herufi za «martyr» zilizofungamanishwa. Sasa utazame vizuri: jina na cheo vimechongwa kwa nguvu, lakini alama ya ufiadini imechongwa kijuujuu, ni kazi ya baadaye. De Rossi alifikiri kwamba walingoja Ekleziya imkubali kwanza kuwa mfiadini. Fabiano alikuwa Papa, Roma nzima ilijua kifo chake. Hata hivyo M. yake ilingoja. (Katika kigiriki R inaandikwa P. Basi ukiona MP katika sanamu za Mama Bikira za Wakristu wa Mashariki, hapo ni «Mētēr», Mama. Herufi mbili zile zile!)

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linatugusa. Kutoka Kindu reli inapanda kilomita 355 hata Kongolo. Huko, tarehe 1 januari 1962, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na askari. Nyuma ya majina yao kuna herufi «C.S.Sp.», alama ya shirika lao. Wako wanaopenda kuongeza «M.» katika daftari na katika kadi za sala. Moyo wao naufahamu. Lakini tangu amri za Papa Urbano VIII, za 1625 na 1634, hakuna anayeruhusiwa kumpa mtu heshima ya hadhara ya mfiadini kabla Ekleziya haijaamua, na juu ya hao 20 haijatangaza neno. Kuwaombea, kusimulia kifo chao, kutunza kumbukumbu yao: hayo yote ni halali. Herufi ile moja ndiyo isiyo yetu kuitoa. Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 desemba 1964, «V. et M.», Bikira na Mfiadini, aliipata mwaka wa 1985 tu. Mapadri Carrara, Didonè na Joubert pamoja na Bruda Faccin walikufa Baraka na Fizi tarehe 28 novemba 1964. Walingoja hata agosti 2024, pale Uvira. Floribert Bwana Chui wa Goma, yule kijana aliyekataa rushwa ili chakula kibovu kisipite mpakani, aliuawa mwaka wa 2007 na akatangazwa mwenyeheri tarehe 15 juni 2025. Yeye si padri wala mtawa, na M. yake ni sawasawa na ya wengine.

Kuna kifupisho kingine kinachotembea pamoja na MM., nacho sikipendi sana: «et Soc.», yaani «na wenzake». Tarehe 3 juni tunasoma «S. Caroli Lwanga et Soc., MM.» Wenzake ni 21. Kalendari haina nafasi, ni kweli, lakini katekista anayo. Aseme Matiya Mulumba, Andrea Kaggwa, Kizito aliyekuwa bado mtoto. Watoto wetu wanabeba majina hayo bila kujua kwamba yamo ndani ya herufi tatu na nukta.

Nje ya wafiadini nitapita haraka. Katika ordo nyingi za sasa «M» ni «memoria», kumbukumbu ya lazima, na «m» ndogo ni kumbukumbu ya hiari. Basi mstari mmoja unaweza kuwa na M. mbili zisizojuana. Katika mashirika, M ya O.F.M. ni «Minorum», wadogo, ya O.M.I. ni Maria, ya M.Afr. ni wamisionari, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Nchini Tanzania wanaandika «Mt.» kwa Mtakatifu, lakini mbele ya namba za sura na aya Mt ni Injili ya Matayo. Kwa waganga wa zamani, «M.» katika karatasi ya dawa ilikuwa «misce», changanya. Tena Masista wa dispansari wanajua kwamba m ndogo mbele ya kipimo ni sehemu ya elfu, na M kubwa ni mara milioni. Kati ya hizo mbili kuna mara 1 000 000 000.

Lakini nafikiri hasa vitabu vya parokia. Tuchukue mfano. Mwanamke alibatizwa Kasongo. Kando ya jina lake katika kitabu cha ubatizo, mwandishi ameandika jina la mwanaume na «M.» Basi. Miaka inapita, mama huyo yuko Bukavu, anataka kufunga ndoa, na paroko wa Bukavu anaomba hati. M. ile ni nini? Kama ni «marié», ameoleka, ndoa yake inamfunga. Kama ni «mort», mume amekufa, mama ni mjane na yuko huru. Na kwetu Maniema, ambako Waislamu ni majirani na ndugu zetu tangu siku za wafanya biashara wa Nyangwe na Kasongo, inawezekana kabisa kwamba mwandishi alitaka kusema «musulman». Hapo swali ni la tatu: je, ruhusa ya Askofu iliombwa? Maana bila ruhusa hiyo ndoa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa si ndoa halali (kanuni 1086). Herufi moja, hukumu tatu, na aliyeiandika pengine amekwisha kuzikwa.

Kanuni 535 inaagiza tuandike katika kitabu cha ubatizo kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima, na mambo mengine yanayobadilisha hali ya Mkristu. Haisemi tuyaandike kwa herufi moja. Katika kitabu hicho andikeni neno zima, kwa kifransa au kwa kiswahili: «aliolewa na fulani, parokia fulani, tarehe fulani». Kama mume ni Mwislamu, andikeni hivyo, pamoja na namba na tarehe ya barua ya ruhusa. Kama amekufa, andikeni siku na mahali. Na mkikuta M. ya zamani isiyojulikana, msiifute wala msiikamilishe kwa kubahatisha: tafuteni kwanza kitabu cha ndoa cha mwaka ule, kisha waulizeni wazee wa kapela wakati wangali hai.