Lugha ya Nyumbani na Hukumu ya Mtihani

Mwanafunzi ashindwapo mtihani, aghalabu huambiwa kuwa hana bidii, au hana akili. Njaa na ukosefu wa vitabu hutajwa pia, na kwa haki. Katika makala haya nakusudia kueleza sababu iliyo karibu zaidi na taaluma yetu, nayo ni umbali uliopo baina ya usemi wa nyumbani na usemi unaotuzwa na shule.

Nadharia iliyojadiliwa mno kuhusu jambo hili ni ya Basil Bernstein wa Chuo Kikuu cha London. Alidai kuwa, nchini Uingereza, watoto wa tabaka la wafanyakazi huelekea kutumia msimbo finyu, unaochukulia kuwa msikilizaji anayajua tayari mazingira ya mazungumzo, ilhali wale wa tabaka la kati huuzoea pia msimbo mpana, unaoeleza mambo waziwazi. Mfano wake mashuhuri ulitungwa kutokana na utafiti wa Peter Hawkins juu ya watoto wa miaka mitano walioonyeshwa picha. Mmoja asema kuwa wavulana watatu wanacheza mpira na mpira umevunja dirisha. Mwingine asema wanacheza, akaupiga, ukapita pale. Ni kweli kwamba asiyeziona picha hatamwelewa huyu wa pili. Lakini picha zilikuwa mbele ya macho yake; sioni kwa nini alaumiwe kwa kusema "pale".

William Labov alimpinga vikali mwaka 1969 kwa ushahidi wa Harlem, New York. Mtoto wa miaka minane aliyekuwa akijibu kwa neno mojamoja alichangamka mara mhojaji alipoketi naye sakafuni, akamletea krispi pamoja na rafiki yake. Upungufu haukuwa katika lugha ya mtoto, bali katika hali aliyohojiwa.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa, mji uleule uliotoa uamuzi, asemapo "ndia" kwa njia, au "mato" kwa macho, huonekana shuleni kuwa amekosea lugha ya mama yake. Toka 1985 hadi 2023 Kiswahili kilitahiniwa katika mtihani wa darasa la nane, na kalamu nyekundu haikuuliza mtoto ametoka mtaa gani. Kwa upande mwingine, mtoto wa Nairobi anayezungumza Kiingereza nyumbani, lakini mwenye rafu ya vitabu na mwalimu wa ziada, huweza kuandika insha sanifu isiyo na doa. Hapo tunapima Kiswahili, au uwezo wa mzazi?

Mimi mwenyewe niliwahi kusahihisha insha ambamo mwanafunzi aliandika kuwa alianguka uwanjani na "wenzangu wote wakaniteka", akarudi kwao akilia. Nikaandika pembeni kwamba kisa cha utekaji hakina mantiki, nikampunguzia alama za mtiririko. Baada ya siku kadhaa ndipo nilipokumbuka kwamba katika Kimvita "kuteka" ni kucheka. Kisa chake kilikuwa na mantiki kamili. Nilimtafuta nimrekebishie, lakini alama zilikuwa zimekwisha kupelekwa.