Goma: Wakati viini viwili vya prosesa vinapogombania konti moja

Benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa Januari 2025, wakaaji wengi walibaki na njia moja ya kutuma na kupokea pesa: simu. Tangu hapo, kosa ndani ya programu ya pesa si jambo la wataalamu peke yao. Linaweza kumnyima mama wa Birere mtaji wake wa siku.

Kosa moja la namna hiyo linatokana na prosesa zenyewe. Leo prosesa ina viini vinne, vinane ao zaidi, vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Tuseme konti ina dola 100. Kiini kimoja kinasoma 100 ili kitoe 60. Kabla hakijaandika salio jipya, kingine nacho kinasoma 100 ili kitoe 50. Vyote vinakubali. Dola 110 zimetoka.

Dawa ya zamani ni kufuli: mmoja anafunga, wengine wanangoja. Lakini wawili wakishika kila mmoja kufuli ambalo mwenzake analihitaji, wote wanasimama hapo hapo. Na kosa hilo ni jeuri: leo linatokea, kesho ukilitafuta halionekani.

Njia nyingine ni kukataza mtu kugusa daftari la mwenzake. Konti inapewa mtunzaji mmoja. Mwenye shida anamtumia ujumbe, naye anasoma ujumbe mmoja mmoja. Ombi la 60 linapita, la 50 linakataliwa.

Ndivyo inavyofanya kazi lugha ya Erlang, ambayo Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams walianza kuijenga mwaka 1986 huko Ericsson, Uswidi, kwa ajili ya mitambo ya simu. WhatsApp, ambayo Goma nzima inaitumia, imejengwa juu yake. Mwaka 2012 ilitangaza kwamba seva yake moja ilibeba watu zaidi ya milioni 2 kwa mara moja.

Mateso hayakosekani. Ujumbe ukija haraka kuliko mtunzaji anavyosoma, foleni inarefuka mpaka memori inajaa. Angalau hapo unajua pa kuangalia.

Erlang ni ya bure tangu 1998, na Go ya Google, iliyotoka 2009, inafuata njia ya karibu na hiyo. Mwanafunzi wa Goma akishaipakua mara moja, anaweza kuendelea hata intaneti ikikatika. Zoezi la kwanza liwe lile la dola 100: mtunzaji mmoja, maombi elfu moja kwa pamoja, kisha aangalie kama salio limewahi kushuka chini ya sifuri.