Stauti Kavu ya Kiingereza na Namna ya Kuionja

Stauti kavu ya Kiingereza ni bia nyeusi, chungu kiasi, isiyoacha utamu mdomoni. Weusi wake huwadanganya wengi. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ni bia nzito yenye kilevi kingi, kumbe stauti ya kawaida katika baa za Uingereza ina kilevi cha asilimia 4 hadi 5 hivi, sawa na laga nyingi, na hushuka kooni kwa wepesi. Hook Norton Double Stout ya Oxfordshire, kwa mfano, ina asilimia 4.8, na Titanic Stout ya Stoke-on-Trent asilimia 4.5. Kinachoipambanua bia hii ni ukavu, na anayetaka kuielewa auwinde ukavu huo katika kila funda.

Asili yake ni porta, bia ya kahawia iliyotamba London katika karne ya 18 na kupewa jina la wapagazi wa masokoni na mtoni, waliokuwa wanywaji wake wakubwa. Porta iliyopikwa iwe kali zaidi ndiyo iliyoitwa stauti. Siku hizo kimea cha shayiri kilikaushwa kwa moto wa kuni, kikawa cha kahawia na chenye harufu ya moshi. Wapika bia walipoanza kutumia haidromita, chombo cha kupimia sukari iliyomo katika maji ya kimea, waliona kwamba kimea cheupe hutoa sukari nyingi zaidi, hivyo kinalipa hata kama bei yake iko juu. Tatizo likawa rangi. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto, ambalo hukaanga kimea hadi kiwe cheusi bila kukigeuza majivu. Tangu hapo kiasi kidogo cha kimea cheusi kilitosha kutia rangi na ladha bia nzima, na kingine chote kikawa cheupe. Kodi ya kimea ilipofutwa mwaka 1880, wapika bia waliruhusiwa pia kutumia shayiri iliyokaangwa bila kuoteshwa. Hiyo ndiyo inayoleta ladha kali ya kahawa katika stauti nyingi.

Ukavu wenyewe huanzia kwenye chachu. Chachu inapofanya kazi yake vizuri hula karibu sukari yote inayoweza kuliwa, ikabaki bia nyepesi isiyo na utamu wa kufunika uchungu. Juu yake huja uchungu wa maua ya hopsi ya Kiingereza, hasa Fuggle na Goldings, kisha uchachu mdogo na ukakasi wa nafaka iliyokaangwa. Tofauti huonekana wazi mtu akiilinganisha na stauti ya maziwa, kama ile ya Mackeson iliyoanza kuuzwa Kent mwaka 1907. Hiyo hutiwa laktosi, sukari ya maziwa ambayo chachu ya bia haiwezi kuila, na kwa hiyo hubaki na utamu hadi mwisho.

Katika baa nzuri ya Kiingereza stauti haisukumwi kwa gesi. Huwekwa ghalani chini ya baa ikiwa ndani ya pipa na chachu yake hai, ikaendelea kuchachuka polepole, kisha huvutwa juu kwa pampu ya mkono. Ili itulie, hutiwa dawa inayotengenezwa kwa mabondo ya samaki yaliyokaushwa, ambayo hunasa chachu na kuizamisha. Joto lake ni nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Aliyezoea bia ya barafu ataiona vuguvugu na yenye mapovu machache, lakini hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: baridi kali huufisha ulimi na kuzuia harufu kupanda, na gesi nyingi huchoma mdomo kabla ladha haijafika. Guinness ya pipa ya Ireland, inayotolewa kwa naitrojeni na kuwa laini kama krimu, ni ndugu wa karibu wa stauti hii, lakini mdomoni huhisiwa tofauti kabisa.

Glasi iwe safi, isiyo na mafuta wala sabuni, maana vyote viwili huvunja povu. Ikiinuliwa mbele ya taa, bia inayoonekana nyeusi hufunua wekundu wa zabibu iliyoiva kwenye kingo zake. Povu lake ni la hudhurungi. Harufu inuswe kabla ya kunywa, kwa pumzi fupi fupi: hutangulia kahawa iliyotoka kukaangwa, kisha kakao isiyo na sukari na ganda la mkate, na nyuma yake tunda kidogo kutokana na chachu.

Funda la kwanza husafisha mdomo tu. La pili ndilo la kupimia. Bia izungushwe mdomoni, imezwe, kisha pumzi itolewe kwa pua, kwa kuwa harufu nyingi hufika puani kupitia nyuma ya koo. Sasa ni wakati wa kusubiri, na hapa wengi huharakisha. Uchungu wa stauti nzuri hupanda baada ya kumeza, ukakaa, ukaondoka polepole na kuuacha ulimi ukitamani funda lingine. Aliyezoea kahawa chungu ya mwambao ana faida, kwani anajua kutofautisha kilichokaangwa na kilichoungua. Ladha ya masizi, au ukakasi wa kukunja ulimi, ni kasoro. Harufu ya siki au ya karatasi iliyolowa ni dalili ya pipa lililokaa wazi mno: pipa likishafunguliwa, bia yake haifai kupita siku tatu hivi.

Mlo wake wa jadi ni chaza, waliokuwa chakula rahisi cha watu wa London katika karne ya 19. Chumvi yao hulainisha uchungu, na ukavu wa bia huondoa utelezi mdomoni. Pai ya nyama na jibini kali pia huchukuana nayo. Keki na vitamu havipatani nayo, kwa kuwa sukari huufanya uchungu wake kuwa mkali kupita kiasi. Kwa vyakula hivyo vitamu, stauti ya maziwa hufaa zaidi.