Ndumakuwili: nyoka, jina na uainishaji

Katika somo la msamiati, neno ndumakuwili hufundishwa kwa maana yake ya pili: mtu mnafiki, asemaye hili hapa na lile kule. Maana ya kwanza, ile ya nyoka, hupitiwa haraka, kwa sababu mara nyingi mwalimu mwenyewe hajui ni nyoka gani. Kamusi humweleza kuwa ni nyoka anayedhaniwa kuwa na vichwa viwili. Mwanafunzi akiuliza kama kweli yupo, darasa zima hucheka. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo.

Wapo nyoka wadogo waishio udongoni ambao kichwa na mkia wao havitofautiki kwa mtazamo wa kwanza. Wataalamu huwaita nyoka vipofu. Ni wembamba kama kamba ya kiatu, na wengi wa jenasi ya Letheobia wana rangi ya waridi iliyopauka. Macho yamefunikwa na gamba, na kwa baadhi hayaonekani kabisa. Hula mayai na mabuu ya sisimizi na mchwa. Hawana sumu, na kinywa chao ni kidogo mno kuweza kumng'ata mtu. Mkia mfupi huishia katika mwiba mdogo: ukimshika, huusukuma mkononi, nawe unahisi kama umechomwa. Mwiba huo nao hauna madhara.

Hapo ndipo jina linapoeleweka. Ndumakuwili halitaji vichwa, linataja kuuma. Kuwili ni pande mbili, kama tusemavyo kisu chenye makali kuwili. Ama nduma, inatokana na kitenzi -uma katika umbo lake la kale. Wanaisimu hukadiria kuwa mzizi wake wa Kibantu ulikuwa *-dum-. Kiswahili kimeiangusha konsonanti ya mwanzo, lakini baada ya nazali imebaki. Msomaji wa Bujumbura hahitaji kuelezwa sana: Kirundi kina kuruma, na r hiyo hugeuka d baada ya n, kama katika ururimi na indimi. Kiswahili nacho kina ulimi na ndimi. Kwa hiyo aliyelitunga jina alisema tu kwamba mnyama huyu huuma huku na huku, jambo ambalo mkono wake ulilihisi. Hivyo vichwa viwili, kwa maoni yangu, viliongezwa baadaye na wasimuliaji.

Kumtambua nyoka huyu kuna mitego, na mtego wa kwanza ni wa lugha. Kirundi hutumia inzoka kwa nyoka na pia kwa minyoo ya tumboni, ndiyo maana tunasahihisha kila mwaka insha zenye "nyoka za tumbo". Kwa mnyama aliyefukuliwa shambani, mpaka huo ni muhimu. Nyungunyungu ana pingili na ngozi yenye ute. Hana mifupa wala ulimi. Nyoka kipofu ana magamba laini yanayong'aa, na akitulia hutoa ulimi. Tena magamba yake ya tumboni ni sawa kwa ukubwa na ya mgongoni, tofauti na nyoka wengi ambao tumboni wana magamba mapana.

Kuainisha ni kazi ya kuhesabu. Mtaalamu huhesabu safu za magamba kuzunguka mwili, kisha magamba ya mstari wa mgongo kutoka kichwani hadi mkiani, ambayo kwa baadhi ya spishi hupita 500. Huangalia umbo la pua, mpangilio wa magamba ya kichwa, na meno: familia ya Typhlopidae ina meno taya la juu, ilhali Leptotyphlopidae inayo taya la chini, na kwa kawaida ina safu 14 tu kuzunguka mwili.

Zanzibar ina nafasi ya pekee katika habari hii. Mwaka 1869 Edward Drinker Cope aliunda jenasi Letheobia kwa ajili ya L. pallida wa Zanzibar, na mwaka 1874 Wilhelm Peters akaeleza spishi nyingine kutoka huko huko, akaiita lumbriciformis, yaani yenye umbo la nyungunyungu. Baadaye jina la Cope liliachwa. Rolande Roux-Estève, katika kazi yake kubwa ya mwaka 1974, aliwaweka nyoka hawa katika Rhinotyphlops. Mwaka 2007 Donald Broadley na Van Wallach walilifufua jina Letheobia na kueleza spishi tano mpya, mojawapo L. pembana wa kisiwa cha Pemba.

Kwa nini Pemba iwe na wake? Unguja ilikuwa imeungana na bara pale bahari iliposhuka wakati wa zama za barafu, lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Kisiwa hicho kina popo wake na bundi wake pia. Hata hivyo, si kila nyoka mdogo wa udongoni anayekutwa kisiwani ni mwenyeji. Indotyphlops braminus, mwenye asili ya Asia, husafiri katika udongo wa vyungu vya maua. Wote ni majike na huzaa bila dume, hivyo mmoja tu hutosha kuanzisha ukoo.

Karibu na kwetu yupo L. graueri wa nchi zilizo karibu na Ziwa Tanganyika, aliyeelezwa na Sternfeld mwaka 1912. Mwaka 2018 L. akagerae alielezwa kutoka Rwanda.

Linabaki suala la istilahi. Nyoka kipofu, wingi nyoka vipofu, linafaa darasani kwa kundi zima. Ndumakuwili lisifanywe jina la spishi moja, kwani watu huliita hivyo pia nyoka mwingine yeyote mwenye mkia butu. Kwa kidahizo ningependekeza hivi: "ndumakuwili nm 1. nyoka mdogo wa udongoni ambaye kichwa na mkia vinafanana, husadikiwa kuuma pande zote mbili, hana sumu. 2. mtu mnafiki."