Mali Bila Daftari: Mtaji na Faida katika Biashara Ndogo

Aghalabu kijana anapoulizwa kwa nini hajaanzisha biashara, jibu huwa moja: hana mtaji. Jibu hilo lina ukweli wake. Hata hivyo, makala hii inashikilia kwamba hatari kubwa zaidi kwa biashara inayoanzia chini ni mtaji kuliwa pasipo mwenyewe kutambua.

Istilahi yenyewe inatusaidia. Rasilimali ni neno lenye asili ya Kiarabu: ras, yaani kichwa (ndiyo rasi tunayoisoma katika jiografia), na mal, yaani mali. Mtaji basi ni kichwa cha mali. Faida ni kama nywele. Zikinyolewa huota tena, ilhali kichwa kikikatwa hakioti.

Hebu tuchukulie mwanafunzi anayekaanga mandazi karibu na mabweni. Ana shilingi 900, na zote zinaishia kwenye unga, sukari, mafuta na makaa. Anapata mandazi 120 ya kuuza shilingi 10 kila moja. Kichwani mwake tayari ana shilingi 1,200, na faida ya 300. Jioni anapofungua kopo anakuta shilingi 950. Mandazi 15 yamekopeshwa marafiki, na 10 yameliwa chumbani. Iwapo ataiamini hesabu ya kichwani na kutumia zile 300, kesho ataamka na shilingi 650. Ataandaa mandazi machache, wateja wa mwisho watakosa na kuhamia kwa jirani, nayo makaa ya kuwasha jiko yatabaki karibu yale yale. Kwa mwendo huo, wiki haitakwisha kabla ya jiko kuzimwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari linalohitajika hapa si la mhasibu. Linatosha likionyesha kilichotumika, kilichouzwa kwa fedha taslimu na kilichokopeshwa, pamoja na jina la mkopaji. Andazi alilokula mwenyewe nalo liandikwe; hapa ndipo wengi huona haya. Isitoshe, fedha za biashara zitengwe na za matumizi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu moja imekuwa ikibeba nauli, karo na mtaji kwa pamoja, na salio moja halisemi shilingi ipi ni ya nani. Laini ya pili ya simu huondoa utata huo. Ada ya leseni ya kaunti pia iulizwe mapema, kabla mtaji haujamalizika.

Je, mkopo? Hazina ya Hustler ilipozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2022, ilitoa mikopo kuanzia shilingi 500 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ya kulipwa katika siku 14. Asilimia 5 ya mkopo ilikatwa na kuwekwa akiba. Riba ya shilingi 900 kwa siku hizo 14 haifiki shilingi 3. Ugumu basi haukuwa riba, bali kuzirejesha 900 zenyewe zikiwa kamili. Mwenye daftari angejua kufikia siku ya nne iwapo zingepatikana. Asiye nalo angejua siku ya kumi na nne.