Mbegu za Kifaru Katika Chupa ya Bwana Mifugo

Nilipokuwa Suguti nikieleza uhimilishaji wa ng'ombe, mzee mmoja aliitazama ile chupa kubwa ya Bwana Mifugo inayofuka moshi baridi, akauliza: "Bwana Shamba, kama fahali aliyeko Usa River kule Arusha anamzalisha mtamba wangu bila kufika hapa, mbona wanyama wa pori wanaokwisha hawafanyiwi hivyo?"

Wanafanyiwa, mzee wangu. Leo nawaeleza.

Mbegu za dume zina uhai, na ndani yake mna maji. Zikigandishwa ovyo, maji hayo huwa vipande vya barafu vyenye ncha, navyo huzichana mbegu zikafa. Mwaka 1949 wataalamu wa Uingereza waligundua kwamba gliserini huzikinga. Basi mbegu za fahali huvunwa, hupimwa kwa darubini, huchanganywa na gliserini pamoja na kiini cha yai au maziwa, hutiwa katika mirija myembamba, hupozwa polepole, kisha hutumbukizwa katika nitrojeni ya maji. Baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo zaweza kukaa miaka mingi hata baada ya fahali mwenyewe kufa.

Kwa mnyama wa pori kazi ni ngumu zaidi. Kifaru hatakusubiri kama fahali wa kituo. Hulazwa kwa dawa ya usingizi, halafu hutumika umeme mdogo ili atoe mbegu. Tena kila aina ya mnyama ina tabia yake. Hata nguruwe wetu wa nyumbani, mbegu zake haziivumilii baridi kama za ng'ombe.

Sasa sikieni habari za jirani zetu. Kifaru mweupe wa kaskazini aliishi Uganda, Sudan, Kongo na nchi za karibu. Mwaka 1960 walikuwa kiasi cha 2,000. Majangili wa pembe na vita wakawamaliza. Desemba 2009 wanne waliletwa Ol Pejeta, Kenya, kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové huko Cheki. Dume aitwaye Suni alikufa mwaka 2014, na Sudan, dume wa mwisho, akafa Machi 19, 2018. Walibaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, wala hakuna kati yao awezaye kubeba mimba.

Lakini mbegu za madume kadhaa zilikuwa zimegandishwa. Agosti 2019 mayai yalitolewa kwa majike hao, yakapelekwa Italia, na mayai ya Fatu yakatungishwa kwa mbegu za Suni. Naye alikuwa amekufa tangu 2014! Mimba hizo changa nazo zikagandishwa, zingoje kupandikizwa katika jike wa vifaru weupe wa kusini. Januari 2024 wataalamu walitangaza kwamba jaribio la kupandikiza, lililotumia mimba ya vifaru wa kusini wenyewe, lilishika. Bahati mbaya mama alikufa kwa ugonjwa wa bakteria baada ya mafuriko, mimba ikiwa na siku kama 70. Njia ilionekana kupitika, ila ndama hakupatikana.

Angalieni kazi yote hiyo, na mbegu zenyewe ni za madume wachache tu. Ambaye hakuvunwa, mbegu zake zimepotea.

Ndiyo maana naogopa nikiona kila mtu anataka Frisiani peke yake. Maziwa ni mazuri, sikatai. Lakini yule fahali wetu mdogo mwenye nundu, anayestahimili kiangazi na kupe, msimhasi wala kumchinja kwa kuwa tu ni wa kienyeji. Mwonyesheni Bwana Mifugo kwanza.

Na jambo moja la chupa. Nitrojeni hupungua kila siku hata isipofunguliwa. Niliwahi kubeba chupa safari ndefu wakati wa mvua, gari likakwama, nikafika imekauka. Mirija yote ikawa ya kutupa, na mwenye ng'ombe alisubiri bure. Kwa hiyo kabla ng'ombe wako hajahimilishwa, muulize mhimilishaji chupa ilijazwa lini. Haoni vibaya kuulizwa. Ng'ombe akionekana kwenye joto asubuhi, mwite upesi ili ahimilishwe jioni ileile. Akionekana jioni, kesho yake asubuhi.