Pombe na Ubongo: Amua Kabla ya Chupa ya Kwanza

Siku ya mnada, siku ya malipo ya kahawa au tumbaku, mwisho wa mwezi kwa wanaofanya kazi Nyamongo: katika wilaya za Tarime na Serengeti, hizo ni siku ambazo fedha ipo mkononi na pombe ipo karibu. Mtu huondoka nyumbani akiahidi chupa mbili, akarejea usiku bila ada ya mtoto. Majirani husema hana msimamo. Utafiti wa ubongo unatupatia jibu lenye manufaa zaidi kwa mlaji.

Tuanze na kipimo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni unywaji wa kupindukia pale mtu anapokunywa gramu 60 au zaidi za kilevi halisi kwa kikao kimoja. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20. Kwa hiyo chupa tatu hukaribia kabisa kiwango hicho. Chupa ndogo ya pombe kali, ya mililita 200 yenye asilimia 40, hukivuka peke yake.

Kilevi huchochea dopamini, kemikali inayousukuma ubongo urudie jambo lililoupendeza. Wakati huohuo hulegeza sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kuzuia. Anapofika chupa ya tatu, mnywaji anategemea kusema "basi" kwa sehemu ambayo tayari imelewa. Kwa vijana hatari ni kubwa zaidi, kwani sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi karibu umri wa miaka 25.

Lakini mbona wawili hunywa meza moja, na mmoja tu hushindwa kuacha? Mwaka 2019, Cody Siciliano, Kay Tye na wenzao nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya panya. Mawasiliano kati ya sehemu ya mbele ya ubongo na shina la ubongo, yaliyopimwa panya walipoanza kuonja pombe, yalibashiri ni wepi baadaye wangeendelea kuinywa hata ilipotiwa uchungu wa kwinini. Panya si binadamu. Hata hivyo, matokeo hayo yanatuonya tusimpime mnywaji kwa tabia pekee.

Kwa hiyo tunashauri:

Amua idadi ya chupa kabla ya kuanza, na ada ya shule iache nyumbani.

Kula kwanza, kunywa polepole, na usiendeshe pikipiki.

Soma lebo, uangalie asilimia ya kilevi na alama ya ubora ya TBS. Gongo haina lebo. Huwezi kuhesabu unachokunywa, na ikiwa na methanoli huweza kupofusha au kuua. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Anayeona ukungu baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja.

Anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiache ghafla bila mganga, kwani anaweza kupata degedege. Aende hospitali. Huko ataomba matibabu kama mgonjwa mwingine yeyote, na hilo si aibu.